Sekunde 6.9: Stori ya Profesa wa Taiwan Aliyechunguza Ajali Bila Kutafuta Mtu wa Kulaumu

Ijumaa, tarehe 2 Aprili 2021, kitu saa tatu na nusu asubuhi. Treni ya Taroko iko mashariki ya Taiwan, inachapa karibu kilomita 125 kwa saa. Ndani kuna watu karibu 500. Wengine wamekalia viti, wengine wamesimama, juu reli ya huko ilikuwa inauza pia tiketi za kusimama siku zenye watu wamejaa. Na siku hiyo walikuwa wamejaa vibaya: ilikuwa mwanzo wa wikendi ndefu ya Qingming, ile sherehe ambayo familia zinarudi nyumbani kufagia makaburi ya wazee wao. Chukua tu ile mbio ya kuenda ocha Disemba.

Hapa kwetu hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu, na kaunti tano zilikuwa zimefungwa juu ya korona, kwa hivyo wengi wetu tulikuwa tumekwama kwa nyumba tukiscroll. Labda hata uliona picha, ukasonga.

Treni inatoka kwa tanuri moja ya mlima, inaingia kwa kipande kifupi cha reli iliyo wazi kabla ya tanuri ingine inaitwa Qingshui. Hapo kwa hicho kipande, lori ya mjengo imelala juu ya reli. Dere anaiona. Treni inagonga lori, inatoka kwa reli, inaingia kwa tanuri ikijibamiza kwa ukuta. Watu 49 wanakufa, akiwemo dere na msaidizi wake. Zaidi ya 200 wanaumia.

Siku chache baadaye, jamaa mmoja alisimama mbele ya wanahabari akatoa hesabu. Dere alikuwa na mita kama 250 tangu aione hiyo lori. Kwa spidi hiyo, hiyo ni sekunde 6.9. Kusimamisha treni ya aina hiyo kunahitaji karibu mita 600.

Huyo jamaa anaitwa Young Hong-tsu. Si karao, si mwanasiasa, hata si mtu wa reli. Ni profesa wa uhandisi wa mitambo kutoka National Taiwan University, chuo ambacho huko ndio namba moja. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa TTSB, bodi ya serikali ya Taiwan ya kuchunguza ajali za usafiri. Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo maprofesa kwangu ni watu wa kuogopwa kiasi, lakini kazi ya huyu ukiielewa utaanza kusikiliza habari za ajali na masikio mengine.

Kwanza hebu tufanye hiyo hesabu pamoja, juu ndio inaonyesha kwa nini mtu wa hesabu aliwekwa hapo.

Kilomita 125 kwa saa ni karibu mita 35 kwa kila sekunde. Yaani kwa sekunde moja tu, treni ishapita urefu wa karibu basi tatu. Uwanja wa mpira una urefu wa kama mita 100. Dere alikuwa na viwanja viwili na nusu. Alihitaji sita. Sasa hata kama angekuwa dere mkali kuliko wote duniani, hata kama mkono wake ulikuwa tayari kwa breki, hiyo treni haingesimama. Ukishasema hivyo kwa namba, swali la "dere alikuwa anafanya nini?" linakufa hapo hapo. Na mtandaoni hilo ndilo swali la kwanza ambalo watu huuliza. Hapa Nairobi tungeshaanza kusema alikuwa amechapa mugokaa.

Kwa hivyo swali linasonga nyuma: lori ilifikaje hapo?

Uvumi wa kwanza ulikuwa handbreki. Ati mtu wa mjengo alisahau kuvuta handbreki, lori ikaserereka kutoka kwa mteremko hadi kwa reli. Stori tamu, fupi, mtu mmoja mjinga, kesi imeisha. Lakini wachunguzi waliendelea kuchimba wakapata si hivyo. Hiyo lori ilikuwa imekwama kwa kona ya barabara ya mjengo iliyo juu ya reli. Watu wa saiti wakajaribu kuivuta na eskaveta wakitumia mkanda wa kuvutia vitu. Mkanda haukushika. Lori ikateremka.

Saa angalia venye mambo yanabadilika. Ukiamini handbreki, dawa ni kuambia madereva wa lori "vuteni handbreki." Ukijua ukweli, maswali yanakuwa mengine kabisa. Kwanza, watu walikuwa wanafanya nini saiti siku hiyo? Reli ilikuwa imeamuru kazi za mjengo kando ya njia zisimame wakati wa sherehe. Pili, kwa nini barabara ya lori ipite juu ya reli kwa mteremko na hakuna kizuizi cha kushika kitu kikiteleza? Tatu, na hii ndio inauma: lori ililala juu ya reli kwa zaidi ya dakika moja kabla treni ifike. Zaidi ya dakika moja! Kwa hiyo dakika hakukuwa na mtambo wowote wa kugundua kitu kizito kimeanguka kwa njia, na hakuna mtu wa saiti aliyefanya onyo limfikie dere kwa wakati. Rudisha hiyo dakika kwa hesabu yetu. Treni inapita mita 35 kila sekunde, sekunde 60 ni zaidi ya kilomita mbili. Viwanja zaidi ya ishirini. Alihitaji sita tu.

Watu 49 walikufa kwa hiyo dakika, si kwa zile sekunde 6.9. Hiyo ni maoni yangu, lakini nadhani yeyote akiangalia hizo namba ataona hivyo.

Turudi nyuma kidogo, juu hii bodi haikutoka hewani.

Taiwan ilianza na ndege. Februari 1998 ndege ya China Airlines ilianguka ikijaribu kutua karibu na Taipei, wakafa watu zaidi ya 200, wengine wakiwa chini kwa nyumba zao na kwa barabara. Miezi mitatu baadaye serikali ikaunda baraza la usalama wa ndege, ASC, lisilo chini ya ile idara inayosimamia ndege. Hilo neno "lisilo chini" ndilo kila kitu. Fikiria mathree igonge mtu halafu sacco ndio ipewe kazi ya kuchunguza. Ripoti utaiandika wewe mwenyewe kabla watoke kwa mkutano.

Kazi ambayo ilifanya ASC ijulikane dunia nzima ni ya Mei 2002. Boeing 747 ya China Airlines, safari namba 611 kutoka Taipei kuenda Hong Kong, ilipasuka ikiwa juu angani karibu na visiwa vya Penghu. Watu 225, hakuna aliyepona. Hakukuwa na mvua mbaya, rubani hakulilia msaada, na mashahidi wakubwa walikuwa vipande vya chuma chini ya bahari. Watu wakaanza stori za bomu, wengine kombora.

ASC, ikiongozwa wakati huo na Kay Yong, ikatoa vyuma kwa bahari kipande kwa kipande. Chenye walipata ni hiki. Februari 1980, miaka 22 kabla, hiyo ndege ikitua Hong Kong ilikwaruza mkia kwa lami. Ikarekebishwa Mei mwaka huo. Kitabu cha mtengenezaji kilisema ukate sehemu iliyoumia, au ukiifunika na bati, bati lipite mipaka ya jeraha vizuri. Fundi walifunika, lakini mikwaruzo ilibaki chini ya bati na bati halikupita vya kutosha. Kila safari ndege ikipanda, mwili wake unajazwa hewa na kufura kidogo, ikishuka, unanywea. Panda, shuka, miaka 22. Nyufa ndogo zikaota pale chini ya bati ambapo jicho halifiki, hadi siku moja zikaungana.

Unaona hapo? Polisi hawawezi kupata hiyo. Unahitaji mtu anayejua chuma kinachokaje, kinapasukaje, na ufa wa siku moja unaonekanaje tofauti na ufa wa miaka ishirini. Ndio maana taasisi ka hii inaweza kuishia na profesa wa mitambo kwa kiti cha juu bila mtu kushangaa. Na Young alipoingia, alikuja kukalia kiti chenye kilikuwa na historia kama hiyo.

Shida ilikuwa ASC ilikuwa ya ndege peke yake. Ajali ya treni ikitokea, hakukuwa na kitu ka hicho.

Oktoba 21, 2018, shimo hilo likaonekana. Treni ya Puyuma iliingia kona ya stesheni ya Xinma, kaunti ya Yilan, ikiwa karibu kilomita 140 kwa saa. Kona yenyewe inaruhusu 75. Watu 18 wakafa, na karibu 200 wakaumia.

Kwa treni hizo kuna mtambo unaitwa ATP. Elewa hivi: ni spidi gavana, lakini spidi gavana yenye akili. Inajua kona iko wapi, inajua kikomo ni ngapi, na dere akipitisha inafunga breki yenyewe. Basi kwa nini haikufunga? Juu ilikuwa imezimwa.

Hapo Mkenya yeyote anatikisa kichwa. Sisi tunajua hiyo. Marehemu John Michuki alileta sheria zake 2004, kila mathree ifunge spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa na mishipi, wiki za kwanza nchi ikanyooka kama rula. Halafu mafundi wa mtaa wakajua waya gani wa kuchomoa. Kwa hivyo ungedhani dere wa Puyuma alikuwa ka dere wetu wa nganya, ameizima apate kupepea.

Lakini hapana. Treni ilikuwa na ngori ya kompresa ya hewa, ile inayolisha breki, na ilikuwa inapoteza nguvu njiani tena na tena. Dere alikuwa anaendesha treni yenye abiria zaidi ya 300 huku akiongea kwa redio na watu wa ofisini akijaribu kutatua kompresa. Badala treni itolewe njiani, iliendelea na safari. Yeye ndiye alizima ATP, hilo halina ubishi. Na katikati ya hiyo vurugu kona ikafika.

Halafu kuna hii: hiyo mitambo ilifaa kutuma ujumbe kwa kituo cha kusimamia treni kila ATP ikizimwa. Haikuwa inatuma. Kampuni ya Japani iliyounda hizo treni, Nippon Sharyo, ilikubali baadaye kwamba kulikuwa na kosa la kuunganisha waya wakati wa kuunda. Yaani tangu siku ya kwanza, mlinzi wa pili alikuwa amelala na hakuna mtu alikuwa amejaribu kumuamsha kuona kama anaamka.

Kuna profesa Mwingereza wa saikolojia, James Reason, alieleza hii kitu kwa mfano wa vipande vya jibini vyenye mashimo. Mimi sili jibini, acha niseme chapati. Panga chapati tano, kila moja na tundu mahali pake. Choma kijiti, hakipiti, juu tundu la moja limezibwa na nyingine. Siku ambayo matundu yote yanajipanga mstari mmoja, kijiti kinapita hadi ngʼambo. Dere ni chapati moja. Kompresa ni nyingine. Waya, ofisi, ratiba, uamuzi wa kuacha treni mbovu iendelee. Ukimfunga dere jela, umetupa chapati moja. Zile zingine bado ziko kwa sahani na matundu yao.

Baada ya Puyuma, Taiwan ikaamua imetosha. Tarehe 1 Agosti 2019, ASC ikageuzwa kuwa TTSB, ikapewa ndege, treni, meli na ajali kubwa za barabara. Profesa Young akawa mwenyekiti wa kwanza.

Miezi miwili tu. Ndio muda alipewa kabla dunia imletee kitu ambacho hata jina la bodi halikuonyesha.

Oktoba 1, 2019, asubuhi, siku moja baada ya kimbunga kupita, daraja la Nanfang'ao lilianguka. Hili lilikuwa daraja zuri la chuma, upinde mmoja mkubwa juu na kebo zikishuka kushika barabara, liko juu ya bandari ya wavuvi hapo hapo Yilan. Kuna video, na ukiitazama utaiona: lori la mafuta linakaribia kumaliza kuvuka, halafu barabara inajikunja katikati ka kadibodi iliyolowa, lori linarudi nyuma likidondoka na kushika moto. Boti za uvuvi zilikuwa zimeegeshwa chini. Watu sita waliokufa walikuwa ndani ya hizo boti: Wafilipino na Waindonesia. Wavuvi wa kuajiriwa, wametoka kwao kutafuta doh ya kutuma nyumbani. Wewe ukiwa na binamu Doha ama Riyadh, unajua hao ni watu gani.

Kila mtu alidhani ni kimbunga. Ama lori lilikuwa zito. Daraja lilikuwa limefunguliwa 1998, halijafika hata miaka 22, daraja la umri huo ni kijana.

Hapa sasa profesa wa mitambo yuko nyumbani kwake. Kebo ya daraja si chuma kimoja. Ni nyuzi nyingi za chuma zimesokotwa pamoja, zimefunikwa na ganda nje, na mwisho wake umeshikiliwa na kitu ka kofia ndani ya barabara. Bandari ni chumvi. Maji yakipata njia ya kuingia pale kwa kofia, hayatoki. Nyuzi zinaliwa na kutu moja baada ya nyingine, na kwa nje ganda linangʼaa tu. Uzito ambao ulikuwa unabebwa na nyuzi zilizokatika unahamia kwa zile zilizobaki. Kebo moja ikikatika, jirani yake inapokea mzigo ambao haikuwa imejipanga, nayo inakatika, halafu jirani yake tena. Ndio maana kwa video daraja halilegei polepole, linaenda lote mara moja.

TTSB ilitoa ripoti 2020: kutu. Si kimbunga, si lori. Na swali la pili likawa baya kuliko la kwanza, nani alikuwa anaangalia hizo kebo? Daraja lilikuwa limekaguliwa miaka ilivyopita, lakini ukaguzi wa kawaida haukufika ndani ya kebo wala kwa zile kofia. Fomu ya kukagua ilikuwa imetengenezewa madaraja ya kawaida. Mkaguzi angejaza kila kisanduku kwa ukweli, aende nyumbani, na daraja bado liwe linakufa ndani.

Binafsi hii ndio kesi ambayo hunikaa kichwani zaidi, kupita hata Taroko. Hakuna mlevi hapo, hakuna hongo inayohitajika kuieleza, hakuna mtu aliyekimbiza. Kila mtu alifanya fomu yake.

Sasa lazima tuongee kuhusu lawama, juu najua kuna mtu anasoma hii akisema: "Kwa hivyo hakuna anayeenda jela? Watu 49?"

Wanaenda. Hiyo ni kazi ya waendesha mashtaka na korti, na kwa Taroko walifanya yao. Msimamizi wa ile saiti alishtakiwa na kufungwa. Waziri wa usafiri naye alijiuzulu. Lakini TTSB inakaa kando na hiyo yote. Hii si tabia ya Taiwan peke yake, imetoka kwa sheria za kimataifa za ndege, sehemu inaitwa Kiambatisho cha 13, inayosema lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali ingine, si kugawa lawama. Kenya tuko kwa hiyo sheria kupitia shirika la ndege la Umoja wa Mataifa, ICAO, na tuna idara ya kuchunguza ajali za ndege chini ya wizara ya usafiri. Kitu cha kuchekesha ni kwamba Taiwan yenyewe haikubaliwi kuwa mwanachama wa ICAO, juu ya siasa zake na China. Hawaalikwi kwa meza lakini wanafuata sheria za meza.

Kwa nini utenganishe? Jiulize wewe ukiwa fundi uliyeacha skru legelege. Karao wakikuuliza, utanyamaza, na lawyer wako atakuambia ufanye hivyo. Lakini kama kuna mtu mwingine ambaye hakuja kukufunga, anataka tu kujua kama gari zingine 40 ulizofunga wiki hiyo ziko salama, hapo kuna nafasi useme. Huo ukweli mmoja unaweza kuokoa watu wengi kuliko kifungo chako. Ni dili ngumu, na familia za waliokufa mara nyingi haziipendi. Mimi nazielewa. Ukizika mtu wako, hutaki kusikia habari ya chapati na matundu.

Na hapo ndipo kazi ya Young ilikuwa na uzito wa ajabu. Yeye ndiye alikuwa anasimama mbele ya kamera siku za kwanza, kila mtu akitaka jina, na yeye analeta mita na sekunde. Kuna watu wataona hiyo ni baridi. Mimi naona ni heshima kwa yule dere. Familia yake haikuwa na njia ingine ya kuonyesha nchi nzima kwamba mtu wao hakulala kazini, ila mtu asiye na upande apige hesabu hadharani. Data ya treni ilisema hivyo, naye akaisema.

Lakini tusimfanye malaika, na hiyo bodi tusiifanye muujiza. Kuna kasoro kubwa ambayo haifichiki: TTSB inapendekeza, haiamuru. Inaandika ripoti, inaambia reli "fanyeni hivi", reli na wizara zinajibu zitafanya nini, inafuatilia. Haiwezi kufunga stesheni, kumtoa mkubwa wa reli, wala kutoa pesa ya kuweka ukuta juu ya mteremko. Kati ya Puyuma na Taroko ni miaka miwili na nusu hivi. Shirika lile lile la reli, TRA, pande ile ile ya mashariki ya kisiwa. Watu 18, halafu watu 49. Aliyefiwa kwa Taroko ana haki ya kuuliza ripoti za mara ya kwanza zilienda wapi.

Ukweli ni kwamba zilikuwa ajali mbili tofauti. Puyuma ilikuwa ya ndani ya treni, Taroko ilikuwa ya mjengo wa nje, na kurekebisha waya wa ATP hakungezuia lori kuteleza. Lakini ukisoma zote mbili kuna harufu moja: shirika ambalo lilijua kwa karatasi kinachofaa kufanywa, na chini kwa saiti hakuna mtu alikuwa anahakikisha. Amri ya kusimamisha mjengo wakati wa Qingming ilikuwepo. Kwa karatasi.

Ndio maana ripoti ya mwisho ya Taroko, iliyotoka Mei 2022, haikuishia kwa mkanda wa eskaveta. Ilipanda juu hadi kwa venye reli inasimamia makontrakta wake na venye inahesabu hatari za kazi za kando ya njia. Serikali nayo ikaamua kuivunja TRA kama idara na kuigeuza kuwa kampuni ya umma. Hiyo ilifanyika tarehe 1 Januari 2024. Kama kubadilisha jina la mlango kunabadilisha watu walio ndani, hiyo tutaachia Wataiwan wenyewe waseme. Wafanyakazi wa reli walipinga sana wakati wa mjadala, na walikuwa na hoja zao.

Sisi huku tunapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa barabara kila mwaka. Hiyo ni Taroko zaidi ya themanini, kila mwaka, na NTSA iko tangu 2012. Ajali kubwa ikitokea unajua ratiba: picha kwa simu, rambirambi za viongozi, sacco inasimamishwa, msako wa wiki moja barabarani, mathree zinaficha kwa gereji, halafu tunarudi. Dere amekufa mara nyingi, kwa hivyo lawama zinamfuata kaburini na faili inafungwa. Ni mara ngapi umewahi kusikia mtu akisimama mbele ya kamera akasema: kona hii ina upana huu, basi ilikuwa na spidi hii, breki zilihitaji mita hizi, na alama ya barabarani iliwekwa hapa badala ya pale?

Tuna wahandisi. Kila mwaka vyuo vinawamwaga, na nusu yao tunawajua, wanauza viatu mtandaoni ama wanaendesha teksi za apu wakingoja kazi. Ukimuuliza mmoja wao kuhusu ile mita 250 na ile 600, atakuchorea kwa karatasi ya chapo mbele yako, na pengine akuambie namba imekaa wapi kwa hiyo kona unayopita kila siku ukienda job.

Profesa Young alishaondoka kwa hicho kiti, wengine wanaendelea. Bodi bado inafanya kazi, na ripoti zake ziko wazi mtandaoni, mtu yeyote azisome. Ile ya Taroko ina ile mistari yote: dakika ambayo lori iliteremka, mahali ilikwama, sekunde ambayo dere alitoka kwa tanuri. Wakisoma hiyo sehemu, familia ya dere hawatapata mahali imeandikwa alikosea.